Ndege afapo, nani humzika?

Ngeli za Kiswahili wakati mwingine hufichua mambo ambayo wasemaji wake hawakukusudia kuyasema. Tukisema "ndege imeanguka", taifa zima hushtuka. Wakuu wa usalama hufika mahali pa ajali, mabaki hukusanywa kipande kwa kipande, tume huundwa na ripoti yake hungojewa kwa hamu. Tukisema "ndege ameanguka", hakuna anayeinua kichwa. Tofauti ni kiambishi kimoja tu, lakini kiambishi hicho ndicho kinachoamua ni kifo kipi kitakachochunguzwa na kipi kitakachosahauliwa kabla ya jua kutua.

Taaluma yangu ni isimu wala si elimu ya ndege. Hata hivyo, utafiti kuhusu mkutano wa Kiswahili na Kimaasai umenipeleka mara nyingi Loitokitok, mji ulioegemea mteremko wa Kilimanjaro upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Huko, baina ya mahojiano na safari za matatu, nimekuwa nikiwauliza wenyeji swali ambalo watoto huliuliza bila haya na watu wazima hulicheka: ndege wa porini, wakifa, huenda wapi?

Swali hilo si la mzaha hata kidogo. Mbuga ya Amboseli, iliyo jirani na mji huo, ina zaidi ya spishi 400 za ndege. Ongeza wale wa mashamba ya nyanya na vitunguu ya Kimana, wa vinamasi vya Namelok na wa migunga ya Rombo. Aghalabu ndege wadogo huishi miaka michache tu, na wengi wao hufa kabla ya kutimiza mwaka wa kwanza. Hii ina maana kwamba kila siku ipitayo, ndege wasiohesabika hufa katika eneo hilo. Lakini mchungaji anaweza kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe wake asione hata mzoga mmoja wa shomoro. Je, miili hiyo yote imekwenda wapi?

WAZIKAJI WASIOLIPWA

Jibu la kwanza ni kwamba ndege wengi hawaachi mwili wowote. Kifo chao ni chakula cha mwingine papo hapo. Kipanga humnyonyoa njiwa na kumla juu ya tawi. Nyoka humeza kinda pamoja na mifupa yake. Bundi humeza windo dogo zimazima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya ambalo mpita njia hulidhani kinyesi cha mnyama.

Jibu la pili linahusu tabia ya ndege mwenyewe. Ndege anayeumwa hujificha. Akionyesha udhaifu wake hadharani amemwita mwewe. Kwa hiyo huingia kichakani, au katika tundu la mti, au chini ya nyasi nene, na huko ndiko roho humtokea. Sisi tunaopita njiani hatuna sababu ya kufunua kichaka.

Jibu la tatu ndilo la ajabu zaidi. Chukua mfano wa mnana mmoja aliyekufa kwa ugonjwa chini ya mgunga. Uzito wake ni gramu ishirini au thelathini hivi. Muda si muda nzi humfikia na kutaga mayai machoni na mdomoni. Mayai huanguliwa kuwa mabuu, na mabuu hao hula nyama laini kwa pupa isiyo na kifani. Siafu wakipita hapo, kazi huisha mapema zaidi. Usiku ukiingia, bweha, nguchiro au paka aliyepotea humwokota mzimamzima. Mbawakawa huja mwisho kugugumia ngozi na kano zilizokauka. Katika joto la nyanda zile, mwili mdogo kama huo waweza kutoweka kwa siku mbili au tatu.

Kinachosalia ni manyoya. Hayo yameumbwa kwa keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zetu na pembe za ng'ombe, na ni viumbe wachache wanaoweza kukimeng'enya. Lakini hata hayo yana walaji wake: mabuu ya nondo fulani, na bakteria wa udongoni. Mifupa nayo, kwa kuwa mingi ina uwazi ndani ili mwenyewe awe mwepesi kuruka, hupasuka kwa jua na kusagwa na kwato. Mvua moja ikinyesha, kaburi limefutika.

USHAHIDI WA AMBOSELI

Msomaji asidhani kwamba haya ni maneno ya barazani tu. Mwaka 1975, mwanasayansi wa Kimarekani Anna K. Behrensmeyer, akishirikiana na David Western, alianza kuikagua mifupa iliyolala juu ya ardhi ya Amboseli. Nia yake ilikuwa kuelewa jinsi mifupa ya leo inavyogeuka kuwa visukuku vya kesho, ili tunapofukua ya kale tujue kilichopotea njiani. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa, na mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha matokeo yanayohusu ndege peke yao katika jarida la Paleobiology.

Waligundua nini? Kwamba spishi ambazo mifupa yake ilionekana hazikufika hata robo ya zile zinazoishi pale. Tena, mabaki ya ndege wakubwa yalizidi kiasi, ilhali wadogo, ambao ndio walio wengi angani, karibu hawakuwa na alama yoyote ardhini. Kwa maneno mengine, nchi haiandiki kila kifo. Huandika vifo vya wakubwa, kama vile kumbukumbu za wanadamu zinavyohifadhi makaburi ya wafalme na kuyaacha ya makabwela. Sisi wanaisimu twaijua hali hiyo: lugha isiyoandikwa ikifa, huenda isiache ila jina la kilima au mto, sawa na unyoya mmoja njiani.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Ikiwa kutoonekana kwa mzoga ni jambo la kawaida, basi kutoonekana huko si ushahidi kwamba hakuna kifo. Ndege wanaweza kufa kwa maelfu bila sisi kuona lolote, kwa sababu wazikaji ni hodari mno. Na siku wazikaji wenyewe watakapokufa, nani atatuambia?

MIILI ILIYOSALIMIKA

Kabla ya kufika huko, inafaa tuitazame miili michache inayookoka, maana nayo ina la kutufunza.

Wamaasai walikuwa na desturi, ambayo sasa imefifia, ya vijana waliotoka jandoni kuwinda ndege wadogo kwa mishale butu, kuwatoa nyama za ndani, kuwajaza majani makavu na kuwapanga kichwani kama taji. Kijana aliyevaa ndege wengi wa rangi za kupendeza alijulikana kwa shabaha yake. Mwili ambao siafu wangeumaliza kwa usiku mmoja uliishi kwa miezi juu ya utosi wa binadamu.

Ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Magadi, ziwa Natron hufanya kazi ya namna hiyo bila mkono wa mtu. Magadi na chumvi ya maji yake huukausha mwili wa ndege aliyefia humo na kuufunika kwa ganda gumu. Mwaka 2013, picha za Nick Brandt zilizoonyesha heroe na ndege wengine wa ziwa hilo zilizagaa duniani, na watu wengi wakaamini kwamba ziwa huwageuza ndege kuwa mawe pindi wanapoligusa. Si kweli. Ndege hao walikuwa wamekwisha kufa. Mpigapicha aliwaokota ukingoni na kuwakalisha kama walio hai. Ziwa lilo hilo ndilo kitalu kikuu cha heroe wadogo wa Afrika Mashariki.

Na kuna manyoya. Mwaka 1973, ndege ya abiria iligongana na tai juu ya Abidjan, katika kimo cha futi 37,000. Injini iliharibika, na yaliyosalia ya tai huyo yalikuwa manyoya machache tu. Mtaalamu wa Marekani, Roxie Laybourne, aliyalinganisha na yale yaliyohifadhiwa katika makumbusho na kutambua kwamba alikuwa tai wa Rüppell, spishi ambayo hutaga pia katika majabali ya Kajiado. Mara ile tu, ndege aliyeanguka alichunguzwa kwa uangalifu sawa na ndege iliyonusurika. Laiti isingalikuwa injini, nani angaliuliza?

MZIKAJI ANAPOKUFA

Katika Kimaasai, shina motonyi humtaja ndege. Likitanguliwa na ol-, kiambishi cha kiume na cha ukubwa, huwa jina la tai mla mizoga. Yaani, kwa wasemaji wa lugha hiyo, huyo ndiye ndege hasa. Sishangai. Zamani Wamaasai wengi hawakuwazika wafu wao, isipokuwa watu wa heshima kubwa kama vile laiboni; waliwalaza porini, na wanyama wa porini wakamaliza yaliyosalia. Waparsi wa Bara Hindi nao wamekuwa wakiwaachia tai maiti zao juu ya minara. Jamii hizo mbili, zisizojuana, zilimwona tai kuwa mtumishi.

Kiswahili chetu hakina adabu hiyo. Pwani waliwahi kumtenga kwa jina la tumbusi, lakini bara neno tai limebeba kila ndege mkubwa mwenye mdomo wa kulabu, mwindaji na mla mizoga pamoja. Na tukimwita mwanasiasa "tai", hatumsifu. Tumelifanya jina la mfagiaji kuwa tusi, kisha tukashangaa kwamba hakuna anayemlilia afapo.

Naye anakufa. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba idadi ya tai wa spishi nane barani Afrika ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu. Miongoni mwa vifo vilivyoripotiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu, na asilimia 29 na biashara ya viungo vyao kwa ajili ya uganga. Mwaka huo huo, tai wa Rüppell na tai mgongo-mweupe, ambao wote wanapatikana Kajiado, waliingizwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sumu hiyo aghalabu haikukusudiwa tai. Simba au fisi huvamia boma usiku na kuua ng'ombe. Mwenye mali, kwa uchungu unaoeleweka, huunyunyizia mzoga dawa ya wadudu ili mla nyama akirudi afe. Lakini simba hurudi usiku, na tai hufika asubuhi, tena kwa makumi, kwa maana mmoja akishuka wengine humwona kutoka mbali na kumfuata. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika zaidi ilikuwa karbofurani, iliyojulikana madukani kwa jina la Furadan. Kampuni ya Marekani iliyoitengeneza iliiondoa katika soko la Kenya baada ya taarifa ya televisheni ya mwaka 2009, lakini dawa nyingine za mashambani zenye uwezo huo huo hazijakosekana.

Hapo ndipo mpango mzima wa maziko unapopinduka. Mwili wa tai aliyekufa kwa sumu ni sumu. Bweha anayemla hufa. Ndiyo maana askari wa wanyamapori wanapofika mahali kama hapo huiteketeza mizoga yote kwa moto: wanaukata mnyororo ambao vinginevyo haungekuwa na mwisho. Wala tusidhani kwamba binadamu yuko nje ya mnyororo. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilithibitishwa mnamo miaka ya 2009 na 2010 kwamba watu walikuwa wakiwaua korongo na ndege wengine kwa Furadan, kisha wakiwauza kama kitoweo.

Je, tai akitoweka itakuwaje? Utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa mwaka 2012 uliweka mizoga ya mbuzi mahali tai wanapofika na mahali wasipofika. Pasipo tai, muda wa mzoga kuisha ulikaribia kuwa mara tatu, na wanyama kama fisi na bweha walikutana hapo kwa wingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, jambo linalofungua mlango wa maradhi. India ilifika huko kabla yetu. Tai wake walipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe; sababu hiyo ilijulikana mwaka 2004, na matumizi yake kwa mifugo yakapigwa marufuku mwaka 2006. Wakati huo mizoga ilikuwa imerundikana, mbwa wa mitaani wamezidi, na hofu ya kichaa cha mbwa imezidi pamoja nao.

Mzee mmoja wa karibu na Kimana, mfugaji wa maisha yake yote, alinieleza jambo hilo bila takwimu. "Mwalimu," aliniambia, "zamani ng'ombe akifa alfajiri, jua likifika utosini umebaki mfupa mtupu. Siku hizi analala hapo mpaka harufu inatuhamisha, na wanaokula ni mbwa." Nilimuuliza, "Na tai wamekwenda wapi, mzee?" Akaelekeza fimbo yake juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Hilo waulize nyinyi mliosoma."

KUHESABU KISICHOONEKANA

Wapo waliokwisha kuanza kuhesabu, na inafaa tuige kwao. Huko Kipeto, ndani ya kaunti hii hii ya Kajiado, kuna mitambo 60 ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyoanza kazi rasmi mwaka 2021. Kwa kuwa tai huruka eneo hilo, waangalizi huwekwa kuwatazama, na mtambo husimamishwa tai akikaribia. Mahali penye mitambo ya namna hiyo, watu hutembea chini yake wakitafuta ndege waliogongwa. Na kwa kuwa wanajua kwamba bweha huenda amewatangulia, huweka mizoga ya majaribio na kupima inachukua siku ngapi kutoweka. Hapo ndipo wanapoweza kukadiria: tumeona mmoja, basi yamkini waliokufa ni kadhaa.

Hesabu hiyo ni rahisi, lakini busara yake ni kubwa. Inakiri kwamba macho hayatoshi. Laiti busara hiyo ingetumika pia kwa nyaya za umeme zinazozidi kutandazwa kati ya Kitengela na Loitokitok, na kwa mashamba yanayonyunyiziwa dawa wiki baada ya wiki.

LA KUFANYA

Nisieleweke kuwa ninamlaumu mfugaji. Mtu aliyepoteza ng'ombe watatu kwa usiku mmoja hawezi kuhubiriwa uzuri wa tai. Anahitaji boma imara na fidia. Mbirikani, kaskazini mwa Loitokitok, walionyesha njia mwaka 2003 walipoanzisha mfuko wa kuwafidia wafugaji kwa mifugo inayouawa na wanyama wakali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inatambua haki ya fidia. Lakini fidia inayocheleweshwa haishindani na chupa ya sumu inayopatikana dukani leo. Serikali ikitaka tai waishi, na imlipe mwenye ng'ombe upesi.

Pili, dawa kali za mashambani zisiuzwe kama chumvi. Muuzaji ajue anamuuzia nani na kwa kazi gani.

Tatu, kila mmoja wetu ana wajibu. Ukikuta tai amekufa, au ndege wengi wamelala mahali pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu, usimruhusu mbwa kuwala, na usiwachukue kuwa kitoweo. Toa habari kwa KWS au kwa chifu upesi, kwa sababu ushahidi huo hautakungoja. Ndege mmoja aliyekufa kichakani ni jambo la kawaida, na siafu watalimaliza. Ndege ishirini pamoja ni jambo jingine kabisa.

Nne, na hili ni letu sisi walimu wa lugha: tuwafundishe watoto majina. Mtoto anayejua kumtenga tumbusi na tai mwindaji, kipanga na mwewe, atatambua siku mmoja wao atakapokosekana. Asiye na jina hahesabiwi, na asiyehesabiwa hata kifo chake hakina tarehe.

Nchi iliyo safi si safi kwa bahati. Inafagiliwa usiku na mchana na viumbe tunaowachukia: nzi, siafu, bweha, fisi na tai. Kwa karne nyingi wamewazika ndege wetu, mifugo yetu, na wakati mmoja hata jamaa zetu, bila kutudai senti. Deni hilo halihitaji machozi. Linahitaji tu kwamba asubuhi watakapokuja kazini, wasikute tumewatilia sumu katika ujira wao.